Kupanga Taa Kigoma: Kuanzia Kwenye Kazi, Si Kwenye Dari

Jua la Kigoma huchelewa. Mji uko karibu na nyuzi 29.6 za longitudo ya mashariki, ilhali saa za Afrika Mashariki hufuata nyuzi 45, na kwa sababu hiyo jua hufika utosini hapa karibu saa 7:00 mchana na kuchomoza takriban dakika 40 baada ya kuchomoza Dar es Salaam. Mwezi Julai, jua linapoonekana, saa 1:00 asubuhi imekwisha kupita. Mtoto wa shule amekwisha kuvaa sare na kunywa uji, na mama yake amekwisha kuosha vyombo vya jana, yote hayo kwa mwanga wa taa. Nyumba ya Kigoma hutumia taa alfajiri karibu sawa na jioni, na sehemu zinazotumika alfajiri ni jiko, korido, bafu na pembe ya kuvalia. Hizo ndizo sehemu ambazo ramani nyingi huziwekea balbu moja katikati na kuziacha, huku sebule ikipangiwa taa za kila aina. Nimefunga umeme katika nyumba za kuishi na majengo ya biashara za mji huu na Ujiji kwa miaka mingi, na ninaamini kwamba taa hupangwa vibaya kwa sababu watu huanza kuhesabu wakitazama dari, badala ya kutazama mahali ambapo mikono na macho ya wenye nyumba hufanya kazi.

Desturi ya balbu moja kila chumba ilikuwa na sababu zake. Niliianza kazi hii wakati mkoa ulikuwa haujafikiwa na gridi ya taifa na umeme wa mji ulizalishwa kwa majenereta ya dizeli. Balbu ya zamani, ile yenye uzi unaowaka ndani, ilikula wati 60 ili itoe lumeni 700 hadi 800 (lumeni ni kipimo cha mwanga unaotoka kwenye taa), kwa kuwa sehemu kubwa ya umeme wake iliishia kuwa joto. Leo balbu ya LED ya wati 9 hutoa lumeni 800 hadi 900. Balbu sita za namna hiyo zikiwashwa pamoja hutumia wati 54, pungufu ya ile moja ya zamani. Mteja anayehofia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, humwekea fundi mpaka wa taa kana kwamba tungali katika zama zile, nami humfanyia hesabu mbele yake: wati 54 kwa saa tano ni uniti 0.27, kwa mwezi ni uniti 8 na kitu, na aliye katika kundi la matumizi madogo ana uniti 75 za kuishi nazo. Pasi na jiko la umeme ndivyo vya kutazamwa kwa makini. Taa imekuwa nyepesi kiasi kwamba kumnyima mtu mwanga wa kutosha kwa kisingizio cha umeme ni kumwonea.

Jiko ndilo lililonifundisha zaidi. Mama mmoja wa Katubuka aliniita akisema balbu ya jikoni mwake imechoka na anataka yenye nguvu mara mbili. Balbu ilikuwa mpya na nzuri. Nilimwomba asimame kama anavyosimama anapokata mboga, naye akasimama akielekea ukuta, kwenye meza ya zege iliyo chini ya dirisha, na balbu ikawa nyuma ya mgongo wake. Kivuli cha kichwa na mabega yake kilifunika ubao wa kukatia wote. Nilimwambia, "Mama, hata nikikuwekea ya wati 30 hapo katikati, kivuli hiki kitabaki, na kitazidi kuwa cheusi." Aliutazama ubao kwa muda, akasogea kushoto, kivuli kikamfuata, akasogea kulia, kikamfuata tena. "Kumbe ndiyo maana ninajikata," akasema.

Balbu ya katikati tuliiacha kwa ajili ya kuingia na kutoka. Kwa kazi niliweka tyubu ya LED ya futi 2 ukutani, juu ya meza, kati ya kichwa chake na ukuta, na nyingine kama hiyo karibu na sinki. Wati zote za nyongeza hazikufika 20. Tangu hapo sikubali kuweka alama ya taa ya jikoni kabla ya kujua meza ya kukatia, jiko na sinki vitakuwa wapi, na mwenye nyumba akisema atapanga baadaye, ninamwomba apange sasa kwa chaki sakafuni. Mahali ambapo dari ndiyo njia pekee, alama huwekwa juu ya ukingo wa mbele wa meza, takriban sentimeta 60 kutoka ukutani, ili mwanga uteremke mbele ya uso wa mpishi.

Kanuni iliyo nyuma ya jambo hili nilielezwa vizuri zaidi na mteja kuliko nilivyoweza kuieleza mimi. Alikuwa mzee aliyeitumia sehemu kubwa ya maisha yake kwenye dagaa, akitokea mwalo wa Kibirizi. Baada ya shikamoo na habari za watu wa nyumbani, nilianza kumfafanulia kwa nini taa ya mahali pake pa kusomea nataka kuishusha. Hakuhitaji maelezo. Alisema kwamba enzi za karabai mvuvi aliyeinua taa yake juu mno aliangaza hewa tu, na kwamba hata hizi taa za LED na betri zinazotumika sasa huning'inizwa karibu na maji na kuelekezwa chini. Hesabu inamuunga mkono: kwa taa ndogo inayotoa mwanga kutoka sehemu moja, umbali ukipungua nusu, mwanga unaofika huwa mara nne. Taa iliyo mita 3 kutoka kwenye kitabu ikishushwa hadi mita 1.5, msomaji amepata alichotafuta bila kuongeza hata wati moja.

Mzee huyo alikuwa akisoma msahafu kabla na baada ya sala ya alfajiri, saa ambayo huku bado ni giza. Wataalamu wa mwanga hueleza kwamba mwanga unaofika nyuma ya jicho la mtu wa miaka 60 ni takriban theluthi moja ya unaofika katika jicho la kijana wa miaka 20, hata kama wote wawili wamekaa chini ya taa ileile. Ninalitaja jambo hili kila ninapopanga chumba cha wazazi, kwa maana watoto wanaojenga huwa vijana, na humpimia mzee mwanga kwa macho yao wenyewe. Chumba cha mzee kinahitaji taa ya kusomea inayotoka ubavuni, iliyofunikwa ili isimpige machoni, na swichi anayoifikia akiwa kitandani. Njia ya kutoka kitandani hadi chooni nayo inahitaji mwanga mdogo wa chini.

Baada ya kujua kazi zinafanyika wapi, ndipo hesabu ya idadi inapokuwa na maana. Laksi moja ni lumeni moja iliyotandazwa juu ya mita moja ya mraba. Kiwango cha kimataifa cha mwanga wa sehemu za kazi za ndani, ISO 8995-1 cha mwaka 2002, kilitaka laksi 500 pale watu wanapoandika na kusoma ofisini, 300 darasani, 150 kwenye ngazi na 100 kwenye korido. Nyumba ya kuishi hailazimiki kufuata namba za ofisi. Kwa sebule mimi hupanga laksi 100 hadi 150 za jumla, kisha ninaongeza taa za mahali pa kusomea na kushonea, na kwa meza ya jikoni ninatafuta 300. Eneo la chumba huzidishwa kwa laksi zinazotakiwa, na jibu hugawanywa kwa sehemu ya mwanga inayofika kweli pale chini, maana si lumeni zote zilizoandikwa kwenye boksi zinazofika. Nyingine humezwa na kuta na dari, nyingine hupotea taa inapozeeka na kushika vumbi.

Chukua sebule ya mita 4 kwa 5, yenye dari nyeupe na kuta za rangi ya maziwa. Mita za mraba ni 20, kwa laksi 100 tunahitaji lumeni 2,000 zifike chini. Katika chumba kama hicho nusu tu ya mwanga hufika, yaani 0.5, na kwa uzee na vumbi ninashika 0.8, zidisha hizo mbili upate 0.4, kisha gawa 2,000 kwa 0.4, jibu ni lumeni 5,000. Kwa balbu za lumeni 900 jibu ni 5.6, basi sita. Zikikaa safu mbili za taa tatu, kwenye upande wa mita 5 zitaachana kwa mita 1.67 na ya mwisho itakuwa mita 0.83 kutoka ukutani. Kwenye upande wa mita 4 zitaachana kwa mita 2 na kuacha mita 1 kila upande. Nafasi ya ukutani huwa nusu ya nafasi ya kati ya taa na taa. Mafundi wengi huacha kati ya taa na ukuta nafasi ileile ya kati ya taa na taa, na matokeo yake ni katikati iliyojaa mwanga na pembe zenye kiza, ambapo ndipo makochi yanapokaa.

Kuna kipimo kingine cha kukagua mpangilio huo. Umbali kati ya taa mbili usizidi mara moja na nusu ya urefu kutoka taa hadi usawa wa kazi, na usawa huo kwa kawaida huhesabiwa sentimeta 85 kutoka sakafuni. Dari ya mita 2.7 inaacha mita 1.85, mara 1.5 ni karibu mita 2.8, hivyo mita 2 zetu ziko salama. Lakini kipimo hiki ni cha taa zinazotawanya mwanga. Taa ndogo za kuzama kwenye jipsamu, ambazo siku hizi kila mwenye nyumba anazitaka, nyingi hutoa mwanga uliobanwa. Yenye pembe ya nyuzi 36, ikiwa mita 2 juu ya meza, huangaza duara la mita 1.3 tu. Ukizitandaza kwa mita 2 utapata madoa ya mwanga yenye giza katikati, na mteja atasema taa hazina nguvu, wakati nguvu ipo na pembe ndiyo iliyokosewa dukani. Ninapowaandikia watu orodha ya vifaa, pembe ya mwanga ninaiandika kando ya wati, na ninawasihi wasikubali badiliko bila kunipigia simu.

Rangi ya dari na kuta inaingia moja kwa moja katika hesabu, ingawa fundi rangi na fundi umeme mara nyingi hawaonani. Dari nyeupe hurudisha asilimia 70 au zaidi ya mwanga unaoifikia. Duka lisilo na silingibodi, lenye kenchi nyeusi na mabati yaliyoshika masizi, halirudishi chochote cha maana, na ile 0.5 ya sebule inaweza kushuka hadi 0.3. Katika duka la aina hiyo, kupaka ukuta rangi nyeupe mara nyingi ni nafuu kuliko kununua taa zaidi. Nyumba zetu nazo zina vumbi jekundu la kiangazi na majiko ya mkaa. Kwa jiko lenye moshi sitegemei 0.8, ninashuka hadi 0.6, na ninamwambia mwenye nyumba kwamba kitambaa chenye maji kikipita juu ya kifuniko cha taa kila baada ya miezi michache kitamrudishia mwanga alioununua. Umeme uzimwe kwanza.

Nije kwenye biashara. Kwenye barabara inayopanda kutoka stesheni ya reli kuelekea mtaa wa Mwanga, mtu anayetembea saa 8:00 mchana yuko chini ya mwanga unaoweza kufika laksi 100,000. Akigeuka kuingia dukani kwenye laksi 200, haoni kitu kwa sekunde kadhaa, na duka linaonekana limefungwa au lina bidhaa chache. Kwa hiyo mwanga wa mbele ya duka huwa mwingi zaidi mchana kuliko usiku, jambo linalowashangaza wengi. Ninapendelea kuweka safu ya taa karibu na mlango kwenye swichi yake yenyewe, iwake mchana, na kuangaza ukuta wa nyuma wa duka pia, kwa sababu jicho la mpita njia hupima kina cha duka kwa ukuta ule. Duka refu jembamba ambalo taa zote ziko juu ya kaunta na nyuma kuna giza huonekana kama kibanda.

Duka la vitenge lilinipa fundisho la aina nyingine. Vitenge ni biashara kubwa hapa, na wanunuzi wake wana macho makali. Dada mmoja mwenye duka alilalamika kwamba kila mteja hubeba kitambaa hadi barabarani kukitazama juani, na wengine hawarudi ndani. Taa alikuwa nazo za kutosha kwa idadi, nyeupe za kelvini 6,500 zenye rangi ya buluu kwa mbali (kelvini hupima rangi ya mwanga: za chini ni njano, za juu huelekea buluu). Tatizo lilikuwa ubora wa rangi. Kwenye boksi la taa huandikwa kipimo cha Ra au CRI, kinachosema taa inaonyesha rangi za vitu kwa ukweli kiasi gani, ambacho juu kabisa ni 100. Taa za bei ya chini zisizoandikwa kitu chochote mara nyingi huifanya nyekundu iwe kahawia na zambarau iwe kijivu. Tulibadilisha zile zilizo juu ya rafu tukaweka za Ra 90 na kelvini 4,000, nazo zikaelekezwa kwenye uso wa vitambaa vilivyotundikwa badala ya kuelekezwa sakafuni. Kwa duka la nguo, saluni na bucha, ningelipia ubora wa rangi kabla ya kuongeza taa moja zaidi.

Ofisi inahitaji uvumilivu wa hesabu. Ukumbi wa mita 6 kwa 9 una mita za mraba 54. Kwa laksi 500 ni lumeni 27,000 mezani. Mwanga unaofika nikiuweka 0.6 na vumbi 0.8, kizidishio ni 0.48, na lumeni zinazohitajika ni 56,250. Paneli ya LED ya sentimeta 60 kwa 60 yenye lumeni 3,600 inatoa jibu la 15.6. Sasa uamuzi ni wa mtu, si wa kikokotoo: 16 haziingii vizuri katika ukumbi huu, 18 katika safu tatu za sita hutoa laksi 576, na 15 katika safu tatu za tano hutoa 480. Nilichagua 15, kwa sababu ukumbi ulikuwa na madirisha makubwa upande wa ziwa na hakuna aliyefanya kazi usiku, na kwa sababu 480 na 500 hakuna jicho linalozitofautisha. Ukumbi ule ule ungekuwa wa mafundi cherehani wanaoshona hadi saa 4:00 usiku, ningeweka 18 bila kusita.

Safu za ofisi hiyo zilipangwa sambamba na ukuta wa madirisha na kila safu ikapewa swichi yake. Safu ya dirishani hubaki imezimwa karibu mchana wote, ya kati huwashwa mawingu yanapotanda msimu wa mvua, ya ndani huwaka siku nzima. Swichi moja kwa paneli zote 15 ingemlazimisha mwenye ofisi kuwasha zote kwa ajili ya meza tatu zilizo mbali na dirisha. Kompyuta nazo zigeuzwe ubavu kwa dirisha. Anayekaa akilipa dirisha mgongo huliona ndani ya kioo cha kompyuta, na anayelitazama hupigwa na mng'ao wa ziwa jioni, wakati jua linateremka upande wa Kongo.

Pangaboi na taa visigombanie nafasi moja. Taa iliyo juu ya mapanga huwa inakatwa na kila panga linapopita, na chumba kizima humeta bila kukoma, hali inayowaumiza watu kichwa na ambayo hawaelewi imetoka wapi. Nimeitwa mara nyingi kubadilisha "taa mbovu" ambayo haikuwa mbovu. Pangaboi likikaa katikati, taa zikae nje ya duara la mapanga na zisiwe juu ya usawa wake kwa karibu. Hili lijulikane kabla ya jipsamu kufungwa.

Kwenye nyumba za wageni ninatumia muda mrefu zaidi kwenye korido, ngazi na vioo kuliko vyumbani. Mgeni hajui jengo. Korido iwe na swichi za njia mbili kila mwisho, ngazi iwe na taa inayoonyesha ukingo wa kila kipandio kwa anayeshuka, maana anayeshuka ndiye anayeanguka, na taa mbili au tatu zenye betri ndani yake ziwe njiani kuelekea mlango wa kutokea ili umeme ukikatika watu wasipapase kuta. Kioo cha bafuni kipate mwanga kutoka pande mbili, kulia na kushoto kwenye usawa wa uso. Taa moja iliyo darini humtia mtu vivuli chini ya macho na kidevuni, na anayenyoa ndevu hajioni. Taa za bafuni ziwe na alama ya IP44 au zaidi (IP ni kipimo cha kinga dhidi ya vumbi na maji), na za nje zinazopigwa na mvua IP65.

Barazani tuna kumbikumbi. Mvua za kwanza zikinyesha, taa nyeupe kali iliyo juu ya mlango huvuta wadudu wote wa mtaa, na mlango ukifunguliwa wanaingia sebuleni. Taa ya njano ya kelvini 2,700 huvuta wachache zaidi. Dawa nyingine ni mahali: iweke mita kadhaa kutoka mlangoni, kwenye nguzo au pembe ya ukuta, na ielekeze chini kwenye njia. Taa za ulinzi zinazoelekezwa mbele kwa nguvu, machoni mwa anayekuja, humfanya mlinzi asione kitu nyuma ya mng'ao, na jirani asilale. Ukuta wenye mwanga laini unaomwagika chini yake humwonyesha mtu aliyesimama pale vizuri zaidi.

Haya yote huamuliwa mapema au hayaamuliwi kabisa. Sehemu za taa huwekwa alama kabla ya plasta, paipu zikiwa bado zinatandikwa, na kenchi zikiwa zinaonekana ili taa ya kuzama isije ikakutana na mbao. Ninapopewa jengo ambalo plasta imekwisha kupigwa, nusu ya mambo niliyoyaandika hapa hugeuka kuwa ya kupasua ukuta, na mwenye nyumba aliyeishiwa fedha hukubali balbu ya katikati. Taa 20 za wati 9 hazifiki hata ampea 1 kwenye umeme wa volti 230, hivyo zingeweza kukaa kwenye sakiti breka moja bila taabu; hata hivyo ninazigawa katika sakiti mbili, na korido na jiko haviwi kwenye breka moja, ili hitilafu ya sehemu moja isiiache familia yote gizani. Kwa anayeweza, sakiti ya tatu ya taa nne au tano tu, jiko, korido, choo na sebule, inaandaliwa kwa ajili ya betri na inveta, na waya wake hutandikwa hata kama inveta itanunuliwa miaka miwili baadaye.

Kazi ninaikabidhi usiku. Mteja hutembea na mimi chumba kwa chumba, anakaa anapokaa, anashika kisu meza ya jikoni, analala kitandani mwake na kutafuta swichi kwa mkono bila kutazama, na mimi nina kipima mwanga mkononi kinachosoma laksi pale pale kazi inapofanyika. Namba ninazisoma kwa sauti na kuziandika kwenye mchoro wenye alama za taa, paipu na swichi zote, pamoja na lumeni, kelvini, Ra na pembe ya kila taa. Nakala moja hubaki kwa mwenye nyumba, na nyingine ninaibandika ndani ya mlango wa boksi la breka, kwa ajili ya fundi atakayekuja kubadilisha taa ya kwanza itakayoungua.